Hodi Kabla ya Ngumi

Nyumba ya nyanya yangu kule Rukanga haikuwa na mlango, ilikuwa na gunia. Gunia la katani, limefumuliwa upande mmoja, likatundikwa kwa misumari miwili, na pindo la chini likashonewa mawe ili upepo wa mlima Kasigau usilipeperushe. Nyanya alikuwa hasikii kwa sikio la kushoto, na akilala alipenda kulalia lile la kulia, lile zima. Kwa hiyo mchana akijinyoosha, mgeni angeweza kusimama nje ya gunia akapiga hodi mpaka koo limkauke. Na watu walisimama, hilo ndilo ninalotaka kusema. Gunia unaliinua kwa kidole kimoja, lakini hakuna aliyeliinua. Mjomba wangu mmoja alitoka Chawia, siku mbili njiani, kuku kwapani, akasimama pale tangu jua liko utosini mpaka likajificha nyuma ya mlima. Kuku alitaga akiwa kwapani. Nilipomuuliza mjomba mbona hakuingia, aliniangalia kama nimemtukana. "Niingie vipi," akasema, "na mwenye nyumba hajasema karibu?"

Aliyeingia bila kuambiwa karibu alikuwa mmoja tu, Bwana Shamba, aliyekuja kutuhimiza tupande mtama. Alipiga hodi moja ya haraka, na mkono wake uko tayari kwenye gunia. Nyanya siku hiyo alikuwa macho, anasonga ugali. Alimtwanga mwiko hapa, juu ya jicho, na Bwana Shamba akaenda zake na ugali kwenye nyusi. Mtama hatukupanda. Tulipanda mahindi, ndovu wakala yote, na nyanya hakujuta hata siku moja. Alisema ndovu wana udhuru, hawana mdomo wa kupigia hodi.

Sasa mtu atauliza, gunia la nyanya na karate vimekutana wapi. Hata mimi sijui vizuri, lakini kila nikianza habari za yule mwalimu wetu wa Voi, mdomo wangu unakwenda Rukanga kwanza. Mniwie radhi. Shule niliiacha darasa la nne, na aliyenifundisha kusimulia ni nyanya huyo huyo, ambaye hakuwahi kufika mwisho wa hadithi bila kupitia kwa majirani wote.

Tulimwita Mwalimu tu. Kazini alikuwa mtu wa pointi, yaani yule anayevuta vile vyuma vya reli ili treni ihame kutoka njia moja hadi nyingine. Pale Voi njia zinagawanyika, moja inashuka Mombasa, moja inapanda Nairobi, na moja inakwenda zake Taveta. Kila treni ilikuwa lazima ipite mikononi mwake. Alikuwa mfupi, shingo nene, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukukata, na mswaki wa mti mdomoni kutwa nzima. Hata akifundisha hakuutoa. Ukimkosea aliuhamisha kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto, nasi tulijua treni imehama njia.

Karate alijifunza wapi, msiniulize. Wengine walisema kwa mabaharia, wengine kwa fundi mmoja Mhindi, wengine walisema aliiota. Sisi tuliletewa na gari la sinema. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, vijana wote wa Voi tulikuwa tunarushiana mateke hata kwenye foleni ya maji. Siku moja mtu huyu alipita, akatuangalia, akatuambia tumfuate nyuma ya ghala kuukuu la reli kama tunataka kuacha kujivunja miguu bure. Tukamfuata. Mimi nilikuwa nakata katani, mikono yangu imejaa miiba, na nilimfuata miaka sita. Miaka sita, na alinikera kila mwaka.

Tuanze na neno. Sisi tulisema tunacheza karate, kama watu wote wanavyosema. Mtu anacheza mpira, anacheza ngoma, anacheza karate. Yeye akisikia hivyo anakutuma ukimbie mpaka signali ya kwanza na kurudi. "Karate haichezwi," alisema. "Sasa tuseme tunafanya nini, Mwalimu?" aliuliza rafiki yangu Mwakio, mtoto wa Ronge, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Mwalimu akajibu, "Semeni mnakuja kwangu." Basi tukawa tunasema hivyo. Mtu akikuuliza unakwenda wapi jioni hii, unajibu, nakwenda kwa Mwalimu. Mama yangu mdogo alidhani ninasoma ngumbaru na watu wazima, akafurahi sana, akaninunulia kalamu.

Halafu ile hodi. Kwake hukuruhusiwa kumpiga mwenzako hivi hivi. Unanyoosha mikono miwili mbele, viganja wazi, unasema, "Hodi." Mwenzako akiwa tayari anasema, "Karibu," anaweka mikono chini kidogo, nawe ndipo unaingia na ngumi yako au teke lako, naye anakupokea. Asiposema karibu, unangoja. Tena unangoja na mikono imenyooka. Mara ya kwanza nilicheka, kisha nikamkumbuka mjomba na kuku wake, nikanyamaza. Mtu wa Rukanga hafundishwi kungoja mlangoni, na nadhani ndiyo sababu nilidumu kwake wakati wengine walikuwa wanakuja wiki mbili wanapotea. Mwakio alidumu pia, lakini yeye alikuwa anasema hodi na ngumi imeshafika, kama Bwana Shamba. Alikimbia mpaka signali mara nyingi kuliko sisi wote, na nafikiri zile mbio zilimsaidia baadaye.

Kila jioni kabla ya kutawanyika, Mwalimu alisimama mbele yetu, na kila mmoja akampigia hodi yake. Mmoja mmoja. Alisema karibu kwa kila mtu kwa sauti tofauti, kama mtu anayejua nani amekuja na njaa na nani amekuja na maneno. Unaingia mara moja, anakupokea, unarudi nyuma. Nilikuwa nakata katani tangu alfajiri, mgongo umekufa, lakini ile karibu ya jioni nikiipata nilikwenda nyumbani kama mtu aliyekula nyama. Hilo nalikubali. Sisemi kwamba hakuwa na kitu.

Mikanda hatukuwa nayo. Yale mafunzo ya hatua kwa hatua, yale ya kupiga hewa peke yako, aliyapa majina ya stesheni za njia ya Taveta. La kwanza liliitwa Mwatate, la pili Bura, la tatu Maktau, na la mwisho Taveta. Ukilijua moja sawasawa anakupandisha kwenda jingine. Mwakio aliishia Bura. Mimi nilifika Maktau mwaka wa tatu, na hapo treni ikazima. Kila nikimwambia niko tayari kwa Taveta, ananiambia nirudie Maktau. Nilirudia Maktau mpaka nikawa naiota. Na hiyo Taveta yenyewe hakuna aliyewahi kuiona, hata yeye hatukumwona akiifanya. Mwakio alisema haiko. Alisema mzee ameishiwa na stesheni.

Watu walimwogopa, lakini ngojeni niwaambie. Siku moja mkata katani mmoja alilewa pombe ya mnazi, akachukua panga lake akaja njia ya reli akitaka mtu yeyote wa kupigana naye. Sisi tulikuwa nyuma ya ghala. Tukasema, leo Voi itaona. Mwalimu akamtazama yule mtu, akautoa mswaki mdomoni, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akiutoa, akakimbia. Alikimbia kweli, kopo lake la chakula linagonga kiunoni, akaruka reli tatu akapotelea upande wa soko. Mlevi akachoka, akakaa, akalala. Watu walicheka miezi. Watoto walikuwa wakimwona wanapiga kopo. Tulimwuliza kwa aibu, maana aibu ilikuwa yetu pia, na akatujibu kama mtu anayesoma ratiba ya treni. "Yule hakupiga hodi. Na mimi sikuwepo nyumbani."

Basi mtu kama huyo utadhani hana moyo wa kushindana. La hasha. Njoo umwone kwenye drafti. Alicheza drafti kwa vifuniko vya soda, kwenye ubao aliouchora kwa mkaa, na hakuna mtu Voi nzima aliyetaka kucheza naye mara mbili. Akishinda anakueleza ulivyokosea, kifuniko kwa kifuniko. Akishindwa hazungumzi siku tatu. Mkewe, Mama Rehema, alikuwa mwanamke mkubwa mwenye kicheko cha kuvunja vyombo, na aliniambia mbele ya mumewe, "Huyu anawakataza watoto wa watu vikombe vya mashindano, na jana alimwaga uji kwa sababu ya vifuniko vya soda."

"Drafti ni mchezo," Mwalimu akasema.

"Uji je?"

Akahamisha mswaki.

Kushindana ndiko kulikotutenganisha. Mwaka wa sita Mwakio alileta habari kutoka Mombasa, kwamba kuna mashindano ya karate, na meneja wa kampuni moja ya bandarini anatafuta watu wa timu yake. Vijana kumi na sita watapigana, na watakaofika wanne wa mwisho wataandikwa kazi. Kazi ya bandarini, yenye nyumba, siyo kibarua. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, na viganja vyangu vilikuwa vimeanza kukataa kukunjika kwa ajili ya katani. Na nilitaka jambo jingine, ambalo sikumwambia hata Mwakio. Nilitaka kujua kama ile miaka sita ilikuwa kitu ama ilikuwa upuzi wa watu wawili watatu nyuma ya ghala. Utajuaje, kama hujawahi kusimama mbele ya mtu asiyekujua?

Tulimwendea Mwalimu pamoja. Alikuwa kazini, anapaka grisi vyuma vyake.

"Kuna vikombe?" akauliza.

"Vipo, Mwalimu," Mwakio akasema.

"Ukipata kikombe utakiweka wapi, Ronge?" Alituita kwa majina ya tulikotoka, kama sisi nasi tulikuwa stesheni.

"Juu ya kabati."

"Una kabati?"

"Sina."

"Basi."

"Lakini kuna kazi, Mwalimu," nikasema mimi. "Na unashinda kwa pointi mbili tu. Ukimgusa mtu vizuri unapewa pointi."

Akaonyesha kile chuma kwa kidole chenye grisi. "Pointi ninazo mimi, hizi hapa. Zinapeleka watu Mombasa na zinapeleka watu Taveta. Hizo zenu zinapeleka wapi?"

"Zinapeleka kazini."

"Umeniona mimi siku moja nikishindanisha treni, Rukanga? Niseme, twende, tuone ipi itatangulia?"

Mwakio akacheka, mimi sikucheka. Nilimwambia, sasa wewe unatufundisha kupika na unatukataza kula. Nilimwambia hata mchezaji mpira hujulikana uwanjani. Nilisema mengi, kwa maana nilikuwa nimeyaweka miaka. Alinisikiliza yote, na huo ndio ubaya wake, alisikiliza vizuri sana, halafu akajibu jambo jingine. Akasema, "Huko nani atakwambia karibu?"

Treni ya mizigo ikapiga honi, akaenda kwenye kazi yake. Hakusema tusiende. Laiti angesema msiende, ningejua ninamkosea wapi.

Tulikwenda kwa basi. Treni hatukuthubutu, ingepita mikononi mwake.

Ukumbi ule wa Mombasa ulijaa watu na harufu ya dawa ya misuli. Mezani palikuwa na karani anaandika majina. Aliniuliza, "Mkanda gani?" Nikamjibu kwa heshima, "Maktau." Akaandika. Akamuuliza Mwakio mkanda gani, na Mwakio akainua shati akamwonyesha mkanda wa suruali. Karani akaweka kalamu chini akatutazama wote wawili, kisha akaandika vile alivyoona inafaa. Ndiyo maana tulipoitwa, kipaza sauti kilisema tunatoka klabu ya Maktau. Mpaka leo kuna watu Mombasa wanaoamini Maktau kuna klabu kubwa ya karate. Maktau, ambako kuna stesheni na mbuzi.

Pigano langu la kwanza. Mbele yangu kijana mwenye nguo nyeupe, mimi nina kaptula. Mwamuzi akasema anzeni. Nami, kwa miaka sita ya mazoea, nikanyoosha mikono mbele viganja wazi nikasema, "Hodi."

Nadhani watu ukumbini walidhani hawakusikia vizuri. Yule kijana naye akashangaa, na mimi nikangoja. Kisha akanipiga teke la mdomo. Jino la mbele lilitoka nikaliona linakwenda. Wakati huo ndipo watu walipoelewa, na kicheko kilichotoka kule nyuma kilikuja kama mvua juu ya mabati. Mwamuzi akampa pointi, akaniuliza kama ninaweza kuendelea. Nilimeza damu nikasema ninaweza. Nikaingia bila hodi. Niliingia kama Bwana Shamba, mara mbili, upesi upesi, naye hakuniona hata mara moja. Pointi mbili, nimeshinda. Basi haikuwa upuzi, ile miaka sita ilikuwa kitu, na nilisimama pale na damu kidevuni nikiwa na furaha ambayo sijui niielezeje, nikimtafuta Mwakio kwa macho.

Lilibaki moja tu nifike kwenye wanne. Huyu wa pili alikuwa mrefu, mcheshi, na alikuwa ameketi akaona yote. Tulipoambiwa anzeni, alinyoosha mikono miwili mbele, viganja wazi, akasema kwa sauti tamu kabisa, "Hodi, mzee wa Maktau."

Nikasema, "Karibu."

Lilitoka lenyewe. Nilisema karibu, na nikaweka mikono chini kidogo, kama tulivyofundishwa. Akaingia. Mbavu zangu mbili zilijua. Na mara ya pili nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikumwona hata alikotokea. Watu walikuwa wanapigiana hodi wao kwa wao huko kwenye viti, karibu, karibu mzee, wanapigana mabega kwa kicheko. Yule meneja naye alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa leso.

Mwakio alishinda mawili, akaingia wanne, akaandikwa kazi siku hiyo hiyo. Mwakio wa Bura. Mwakio ambaye hodi yake na ngumi vilikuwa kitu kimoja. Mimi nilirudi Voi peke yangu, kwenye kiti cha nyuma ambacho kwa kila shimo la barabara kilinipelekea salamu mbavuni.

Nilimkuta Mwalimu kibarazani kwenye kota za wafanyakazi wa reli, anacheza drafti peke yake, mkono wa kulia na wa kushoto. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kucheza naye. Na hata hivyo niliona anaupendelea wa kulia.

"Rukanga."

"Naam, Mwalimu."

"Jino liko wapi?"

"Mombasa."

Akasogeza kifuniko. "Ulipiga hodi?"

"Nilipiga."

"Wakasema karibu?"

"Hawakusema."

"Ukafanya nini?"

"Nikaingia. Sasa ningengoja mpaka lini, Mwalimu? Yule mtu alikuwa ananipiga."

Akasogeza kifuniko kingine. Mama Rehema akatoka na maji ya chumvi nisukutue. "Mjibu mtoto wa watu," akasema. "Si unaona alivyo?"

Nikamsimulia na la pili, nikidhani atanihurumia. Nilimwambia jinsi yule mrefu alivyonyoosha mikono, na mimi nikasema karibu. Mkono wake ukasimama juu ya ubao.

"Watu walicheka?"

"Walicheka."

"Walimcheka nani? Wewe?"

Nilitaka kusema ndiyo, lakini nilikuwa nimefundishwa kutodanganya pale. "Waliicheka hodi," nikasema. "Walikuwa wanapigiana huko kwenye viti."

Alivikusanya vifuniko akavitia koponi, kimoja kimoja, vyote ishirini na vinne. Halafu akasema, polepole, siyo kwangu, "Imekuwa mchezo."

Hakunifukuza. Ningependa angenifukuza. Kesho yake nilikwenda nyuma ya ghala kama kawaida, nikafanya Mwatate, nikafanya Bura, nikafanya Maktau na mbavu zangu zile. Mwisho wa siku tukapanga mstari kila mtu apige hodi yake. Zamu yangu ikafika. Nikanyoosha mikono nikasema, "Hodi, Mwalimu." Alinitazama. Siyo kwa ubaya, alinitazama kama mtu anayetazama njia ndefu. Mwishowe akasema, "Tawanyikeni." Siku ya pili hivyo hivyo. Nilivumilia mwezi mzima, kila jioni, mikono imenyooka, wenzangu wanaangalia chini. Halafu nikaacha kwenda. Na baada ya muda nikasikia amehamishwa kazi, amepelekwa mwisho wa njia, kule kwao Mama Rehema. Ghala likajaa mbuzi.

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Kuna siku nasema yeye alikuwa sahihi, kwamba mtu ukikipeleka kitu chako mbele ya watu waliokuja kucheka, watakicheka, na hakitarudi nyumbani kilivyokuwa. Kuna siku nasema alikuwa mwoga, alijua hodi yake haiwezi kusimama nje ya ghala, akaogopa ionekane. Kama kitu ni cha kweli kwa nini kisitoke nje? Na kama hakitoki nje, mbona anamwadhibu aliyekitoa badala ya kumweleza? Mwakio yeye hana matatizo. Alipostaafu alinitembelea, nikamsimulia hili la mwisho ninalokuja kulisema, akaniambia, "Mzee alikujibu, ndugu yangu. Tena alikuonyesha stesheni yako, ile ya mwisho." Nikamwambia aache upuzi anywe chai. Mimi nasema hakunijibu. Nyinyi someni muamue.

Ilikuwa ule mwaka wa njaa, miaka ya themanini, tulipokula mahindi ya njano. Voi hakukuwa na kitu sokoni ila vitunguu vilivyonyauka. Taveta wana maji, wana ndizi, kwa hiyo nilipanda basi nikaenda kutafuta mikungu miwili. Soko limejaa, wanawake wamepanga ndizi chini mpaka barabarani. Namlipa mwenye ndizi mmoja, mikungu yangu mkononi, nikamwona mgongo. Shingo imepungua, lakini kaptula ya kaki ilikuwa na mkunjo ule ule. Alikuwa na kikapu mkononi, anabonyeza parachichi, na mswaki mdomoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akageuka. "Marahaba, Rukanga." Kana kwamba tuliachana jana.

"Nimefika Taveta, Mwalimu."

"Kwa treni?"

"Kwa basi."

"Basi hujafika."

Yule mwenye ndizi akacheka bila kujua anacheka nini. Tukaulizana habari za njaa, habari za Mama Rehema, ambaye miguu ilikuwa inamsumbua lakini kicheko kizima. Akauliza, "Ronge yuko wapi?"

"Bado yuko Mombasa. Amekuwa na tumbo. Ana vikombe viwili."

"Ameviweka wapi?"

"Juu ya kabati."

"Kabati la mti gani?"

"Mvule."

"Mvule ni mti mzuri," akasema, na nikaona amefurahi. Alifurahi kweli, uso wote. Pale ndipo yaliyokuwa ndani yangu yalipopanda. Yule aliyekuwa anaingia kabla ya karibu miaka yote unamfurahia kabati lake, na mimi niliyeipeleka mpaka mbele ya ukumbi nikapoteza jino, mimi unaninyima neno moja? Sikusema hivyo. Nilisema, "Mwalimu, nina swali moja. Siku ile Mombasa, nilitakiwa ningoje?"

Akalirudisha parachichi mahali pake. Akaweka kikapu chini. Akasimama sawa mbele yangu, miguu imeshika ardhi kama zamani, mikono pembeni, na nikajua ananipa nafasi. Watu walikuwa wanatupita na mizigo yao. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini, baba wa watoto watatu, nikaweka mikungu yangu ya ndizi mavumbini, nikanyoosha mikono miwili mbele, viganja wazi.

"Hodi, Mwalimu."

Aliniangalia macho yangu, akaangalia viganja vyangu, vile vilivyoharibiwa na katani, akaviangalia kwa muda. Mswaki ukahama kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto. Halafu akainama akachukua kikapu chake, akanigeuzia mgongo, akaenda. Hakukimbia. Alipita wanawake wanaouza nyanya, akapita kinyozi, akasimama kungoja mkokoteni upite, akavuka njia ya kwenda stesheni. Mimi nilikuwa bado nimenyoosha mikono, kwa sababu hukuruhusiwa kuishusha kabla ya kujibiwa.

"Unangoja nini, baba?" yule mwenye ndizi akaniuliza.

Alipinda kona ya duka la mwisho, mkunjo wa kaptula ukaonekana kidogo, kisha haukuonekana. Sikumwona tena.